Murano Z51: nagusa redio, inafunguka simu. Kuna menyu ya siri ya kurekebisha tachi?

Mama_Cherehani (Ijumaa, saa 3:40 usiku)

Wakuu, habari za usiku. Mimi si mtu wa magari. Ni fundi cherehani hapa Sinza, nashona sare za shule na magauni ya harusi, kwa hiyo nikikiita kitu kwa jina lisilo lake mnisamehe.

Gari ni Nissan Murano Z51 ya 2009, nimeachiwa na kaka yangu alipohamia Dodoma. Ina skrini yake ileile iliyotoka nayo Japani. Ramani ni ya Japani, Sinza haiijui wala Mbezi haiijui, hilo nimeshalizoea. Kila nikiwasha, yule dada wa ndani anasema kwa Kijapani kwamba kadi ya ETC, ya kulipia barabara za kwao, haijaingizwa (mpwa wangu ndiye aliyenitafsiria), mimi namjibu "sawa mama", safari inaanza.

Shida ni tachi. Tangu Februari nikigusa redio inafunguka simu. Nikigusa kitu cha chini kabisa kulia, hakuna kinachoitika mpaka nibonyeze juu yake na kushoto kwake. Asubuhi ina nafuu. Jioni, gari ikiwa imekaa juani mbele ya duka kutwa nzima, ndiyo balaa.

Mafundi wengine wanapima kwa macho, mimi nimepima kwa rula. Nilichukua rula ya mwanangu, nikawa nabonyeza taratibu pembeni ya kila kitufe mpaka kiitike, naandika kwenye daftari la wateja. Kona ya juu kushoto inapotea milimita 3. Juu kulia 7. Chini kushoto 5. Chini kulia 11. Nimerudia mara mbili, jibu ni lilelile.

Fundi mmoja wa Kariakoo aliitazama, sijui kama dakika ilifika, akasema: "Tachi imekufa hiyo mama, tung'oe tuweke skrini ya Android, laki nne na nusu pamoja na kufunga." Mwingine akasema ipo menyu ya siri ya kurekebisha, ila nimwachie gari siku nzima na elfu themanini. Nilipomuuliza inafunguliwaje akacheka tu.

Sitaki kuing'oa. Kioo cha kushoto kina kamera yake, inanionyesha tairi la mbele, na mbele ya duka langu kuna mtaro ambao umeshameza magari mawili ya wateja. Picha ya kamera inatokea kwenye skrini hiyohiyo.

Nimeshajaribu kuchomoa tenmino ya betri nusu saa kama nilivyoshauriwa. Kilichopotea ni saa na stesheni za redio. Tachi imebaki na ukaidi wake.

Hiyo menyu ipo kweli? Inaingiwaje? Na nikiingia, nisiguse nini?

---

Gari_Bovu_Moyo_Mzima (Ijumaa, saa 4:05 usiku)

Mkuu usijitese na makorokoro ya Mjapani. Weka Android, utapata ramani ya Bongo na YouTube juu. Mimi niliweka kwenye Rumion, sijajuta.

---

Umeme_wa_Tanga (Ijumaa, saa 4:51 usiku)

Huyo uliyemwita mkuu ni dada, kasema anashona magauni. Soma kabla hujauza redio.

Dada, menyu ipo na wala si siri, iko kwenye kitabu cha mafundi cha Nissan. Ila kwanza nikwambie unachorekebisha ni nini, maana daftari lako limenisaidia kuliko maelezo ya wateja wangu kumi.

Skrini hiyo si kama ya simu. Ya simu inahisi umeme wa ngozi yako, hiyo ya kwako inahisi mgandamizo. Jaribu kwa ukucha au kifuniko cha kalamu, itaitika. Ndani kuna tabaka mbili nyembamba zinazopitisha umeme, katikati zimetenganishwa na vinundu vidogo visivyoonekana kwa haraka. Ukibonyeza, ya juu inalala juu ya ya chini, mashine inapima volti pale zilipogusana. Volti zikiwa nyingi uko upande huu, zikiwa chache uko upande ule. Sasa miaka ya jua ikipita, plastiki inalegea na upinzani wa umeme unabadilika. Volti zilezile hazimaanishi tena mahali palepale. Kurekebisha ni kuifundisha upya tu: hizi ndizo volti za kona hii, hizi za kona ile. Na betri ukichomoa mwaka mzima haisaidii, kwa sababu hayo mafunzo yameandikwa mahali pasipofutika umeme ukikatika.

Kosa lako linaanza na 3 na kukua taratibu mpaka 11 ukienda kulia na chini. Halirukiruki. Hilo linapona. Ingekuwa kuna mstari mzima umekufa, au unagusa hapa inaitika huku na kule, ningekwambia utando umechanika au utepe wa waya nyuma umelegea, na hapo menyu haina dawa.

Kabla ya yote: chukua kadi ngumu ya biashara, ipitishe taratibu kati ya fremu na skrini pande zote nne. Vumbi likijaa pale linabonyeza skrini badala yako. Na kama kuna plastiki ya kuzuia michubuko yenye mapovu, bandua.

Sasa namna ya kuingia. Gari imesimama, handibreki juu, injini inaunguruma. Zima redio kabisa. Shikilia kitufe cha mipangilio, kwako kimeandikwa 設定, usikiachie. Huku umekishikilia, zungusha kinobu cha sauti vijino 40 au zaidi, upande wowote. Utasikia mlio mfupi. Menyu ikifunguka utapewa njia mbili: moja gari inajipima yenyewe, nyingine ni ya kuhakiki na kurekebisha. Ingia hiyo ya pili. Usitumie kidole, tumia lile gurudumu dogo la kuchagulia lililo kwenye vitufe vya skrini, na kitufe chake cha kukubali, maana kidole chako ndicho mgonjwa. Tafuta sehemu ya tachi. Mle kuna kupima na kuna kurekebisha. Anza na kupima, uone inavyokuona.

Usiguse: marekebisho ya pembe ya usukani, marekebisho ya mwendo, na ile ya kurudisha mipangilio yote mwanzo. Mle ndani hakuna anayekuuliza mara mbili. Ukipotea, kitufe cha kurudi ndiyo mlango.

Ukiingia kwenye kurekebisha zitatokea alama za msalaba; kila msalaba ubonyeze katikati kabisa kwa kitu butu cha plastiki, si kidole. Fanya asubuhi, skrini ikiwa na joto la kawaida. Na itazame ukiwa umenyooka mbele yake, si kwa ubavu.

---

Harrier_ya_Babu (Jumamosi, saa 1:15 asubuhi)

Naongezea kwa wenye Toyota. Harrier yangu (ile ya 2005) unashikilia kitufe cha INFO huku unawasha na kuzima taa ndogo mara tatu. Menyu inafunguka, unaona volti za betri, handibreki, rivasi, na unaweza kupima tachi, ikikuonyesha ulipogusa. Lakini kwangu ni kupima tu, sikuona pa kurekebisha. Nilizunguka mle Jumapili nzima, mke wangu akadhani nimepata kazi mpya.

---

Mama_Cherehani (Jumapili, saa 6:20 mchana)

Nimeingia!

Leo saa moja na nusu asubuhi, mtaa mtulivu. Kadi niliipitisha kwanza, upande wa chini ukatoa vumbi na uzi mwekundu. Uzi wangu kabisa, wa sare za shule fulani ya Kijitonyama. Sijui ulifikaje.

Kuhesabu ndiko kulikonisumbua. Nimeshikilia kitufe kwa kidole gumba cha mkono mmoja, mwingine unazungusha, tk, tk, tk. Nilipofika 27 bodaboda akapiga honi nyuma yangu, nikaachia. Nikaanza upya. Mara ya pili sikusimama 40, nilikwenda mpaka mlio wenyewe uliponisimamisha.

Maandishi yote Kijapani. Mwanangu akaelekeza kamera ya simu kwenye skrini, simu ikatafsiri vioja ("paneli ya kugusana", ikasema) lakini tukaelewa. Kwenye kupima nikaona kwa macho yangu: naweka ncha hapa, alama inatokea pale, kulia na chini, vilevile daftari lilivyosema. Jamani nilifurahi kana kwamba nimeshapona.

Kwenye kurekebisha, misalaba ikatokea mmoja mmoja. Nilitumia kulabu ya plastiki ya kufumia vitambaa, upande wa mkia ambao ni mviringo. Niliinama mpaka pua ikawa usawa wa katikati ya skrini, kama ulivyosema Umeme_wa_Tanga. Ikakubali. Nikapima tena: sifuri kona zote, labda milimita moja chini kulia.

Nikashangilia, nikakaa kwenye kiti, nikafunga mkanda, nikagusa redio. Ikafunguka redio! Nikagusa kitufe kidogo pembeni yake, haikuitika. Nikatoa rula. Milimita 4 zimepotea, safari hii kuelekea kulia tu, kila kona sawa.

Nimekosea wapi?

---

Umeme_wa_Tanga (Jumapili, saa 8:02 mchana)

Hujakosea, labda joto limepanda. Subiri jioni upime tena.

---

Mama_Cherehani (Jumapili, saa 12:45 jioni)

Kaka yangu, kwa heshima zote, si joto. Nimeipata mwenyewe nikiwa nakata kitambaa.

Ukitaka kukata sawasawa, unasimama juu ya rula. Ukisimama pembeni, mstari wa chaki unauona umesogea, kwa sababu rula ina unene na chaki iko chini yake. Sasa skrini si ndivyo ilivyo? Picha iko chini, utando unaobonyezwa uko juu yake, kati yao kuna nafasi. Mimi dereva nakaa kulia, skrini iko kushoto kwangu, naitazama kwa ubavu siku zote. Pale nilipoona kitufe kutoka kwenye kiti changu, kidole kinatua kulia kwake. Nilipoinama katikati niliirekebisha kwa ajili ya mtu ambaye hayumo garini.

Basi nimerudi menyu, mara hii nimekaa kama ninavyokaa nikiendesha, mkanda umefungwa, mgongo kwenye kiti, mkono nimeunyoosha. Misalaba nikaibonyeza ninapoiona mimi. Nikapima kwa rula: hakuna kona iliyozidi milimita 1. Gari ilikuwa juani tangu mchana.

---

Umeme_wa_Tanga (Jumapili, saa 1:30 usiku)

Nimekaa nimesoma mara mbili. Miaka yote nawarekebishia watu nikiwa nimesimama mlangoni kwa abiria, halafu wananirudia wananiambia "fundi bado kidogo", nawaambia watazoea. Umenipa homuwek.

Ila abiria wako sasa ndiye atakayekosea.

---

Mama_Cherehani (Jumapili, saa 1:34 usiku)

Abiria asiguse redio yangu.

---

Kijana_wa_Likoni (Jumapili, saa 2:10 usiku)

Salamu kutoka Mombasa. Mimi yangu ni Android ya Kichina kwa Nissan Wingroad. Baada ya kuipa apudeti tachi imegeuka, nikigusa kushoto inaitika kulia. Hiyo njia ya vijino 40 itanifaa?

---

Umeme_wa_Tanga (Jumapili, saa 2:28 usiku)

Hapana ndugu yangu, hiyo ni kitu kingine. Kioo chako ni kama cha simu, hakilegei kwa jua. Kikigeuka ghafla baada ya apudeti maana yake programu imewekewa mpangilio wa kioo kingine. Mipangilio ya kiwandani inaomba namba ya siri, na namba inategemea bodi iliyomo: zipo za 126, zipo za 8888, zipo za 3368. Usibahatishe humo ndani. Piga picha kila ukurasa kabla hujabadili chochote. Na aliyekupa hiyo apudeti mdai faili la bodi yako hasa, hapo ndipo penye kosa.

---

Mama_Cherehani (Jumatano, saa 3:05 usiku)

Siku ya tatu leo, jua kali, foleni ya Ubungo nimeila yote, tachi inatii. Asanteni sana. Swali la mwisho kabla sijafunga uzi: huyu dada wa ETC ananyamazishwaje? Nimetafuta kwenye menyu simwoni.

---

Umeme_wa_Tanga (Jumatano, saa 3:20 usiku)

Hayumo kwenye skrini. Ni kiboksi chake pekee cha kulipia barabara za kule Japani. Angalia ndani ya droo ya dashibodi au chini ya usukani, kina mlango wa kadi. Nyingi zina kitufe cha sauti, punguza mpaka mwisho. Au chomoa soketi yake, huku kwetu hakina kazi.

---

Mama_Cherehani (Ijumaa, saa 1:10 asubuhi)

Nilikipata jana chini ya usukani, nikakichomoa. Asubuhi hii nimewasha gari, kimya. Nikajikuta nimesema "sawa mama" peke yangu.