Wazazi wakishindwana: wavumiliane kwa ajili ya watoto, au kila mtu ashike njia yake?

KichwaNgumu (mleta mada): Wakuu, kikao cha ukoo cha wiki iliyopita kimeniacha na swali. Dada yangu na shemeji wameshindwana. Ndoa ina miaka tisa, watoto wawili, wa miaka 8 na 4. Wazee wamesema wavumilie mpaka watoto wakue. Mimi naona nyumba ile ilishabomoka, limebaki paa tu. Yule mkubwa, sauti zikipanda jikoni, anaongeza sauti ya televisheni halafu anamvuta mdogo wake wakae karibu. Hakuna aliyemfundisha. Je, mtoto anaumia zaidi wapi: kwenye ugomvi wa kila siku au kwenye kutengana? Karibuni kwa hoja.

Babu Kijiweni: Hata sisi wazazi wetu waligombana, na tumekua. Kizazi chenu mnasusa ndoa kama ubwabwa usio na chumvi. Na wakiachana mnajua watoto wanaishia wapi? Kwa bibi. Mtoto wa bibi humkosi: miaka 12 hajui kufua soksi zake, ukimkazia macho analia.

MjukuuWaMuheza: Babu, mtoto wa bibi niko hapa. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshachota ndoo nne, kisha nabeba sinia la vitumbua napita nalo hadi stendi, ndiyo niende shule. Wewe uliyelelewa na baba na mama sidhani kama ulijua hata ndoo inakaa wapi.

Babu Kijiweni: Umekasirika. Ndiyo kudekezwa kwenyewe.

Tulizo: 😂😂 Babu mchokozi. Ila kweli mabibi wanadekeza. Mwanangu akitoka likizo kwa bibi yake, wiki nzima hataki chai isiyo na sukari vijiko vinne.

MwalimuZamu: Turudi kwenye mada jamani. Nina miaka 14 darasani. Mtoto ambaye wazazi wametengana si lazima ashuke kimasomo, wapo wanaopanda, hasa kama nyumbani palikuwa na vipigo. Ninachokiona mimi ni jibu la "sijui". Kuna mmoja nilikuwa naye darasa la tatu, kila Ijumaa anakwenda kwa baba, Jumapili anarudi kwa mama. Huku anaulizwa mama yako siku hizi anatembelewa na nani, kule anaulizwa baba yako kanunua nini. Akajifunza kusema "sijui". Ikafika mahali namuuliza saba mara nane, na anaijua, ananijibu "sijui mwalimu".

Ngosha_Original: Hayo yote ya nini, sheria iko wazi. Miaka saba ikifika mtoto ni wa baba. Mama anakabidhi, basi.

WakiliMchovu: Hiyo sheria mnaitungia vijiweni. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inasema mtoto wa chini ya miaka 7 inachukuliwa ni heri akae na mama, na hata hilo linaweza kupingwa mahakamani. Haisemi siku ya kutimiza saba anahamishwa kama gunia. Tena inaitaka mahakama ifikirie madhara ya kumhamishahamisha mtoto, ila kipande hicho hamkisomi. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inampa haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, ilimradi masomo yasivurugike. Haki hiyo ni ya mtoto. Si zawadi anayopewa baba akiwa na tabia nzuri.

Ngosha_Original: Sawa msomi. Mbona hiyo sheria haisemi pesa ninayotuma inakwenda wapi? Natuma kila mwezi, yeye anasukia nywele.

MamaWawili: Unatuma elfu thelathini halafu unataka ripoti kama Benki ya Dunia. Rasta zenyewe hazitoshi hapo kaka.

Ngosha_Original: Nani kasema elfu thelathini? Ndiyo maana umeachika.

MamaWawili: Sijaachika, niliondoka. Ulizia tofauti.

Tulizo: Zamani si ilikuwa shilingi mia kwa mwezi? Kuna mtu aliwahi kuniambia.

WakiliMchovu: Ilikuwa kwa watoto wa nje ya ndoa, sheria ya mkoloni. Shilingi 100. Ilifutwa na hiyo ya 2009.

MjukuuWaMuheza: Ngosha unalia na rasta. Bibi yangu hakutumiwa hata hiyo mia. Baba alijua mama ametuma, mama alijua baba ametuma, na kila Idi wote wawili walikuja kuniuliza mbona nimekonda. Sasa nauliza, bibi anaweza kudai matunzo?

WakiliMchovu: Anaweza. Anayeishi na mtoto anaruhusiwa kuomba amri ya matunzo, si lazima awe mama mzazi. Aanzie kwa afisa ustawi wa jamii. Tatizo, bibi gani atamshtaki mwanawe?

MwalimuZamu: Wangu angemshtaki 😂. Ila kweli, kwenye kikao cha wazazi wanaokuja ni mabibi, wamekaa mbele kabisa na kanga zao. Halafu fomu ya shule ina mstari wa baba na mstari wa mama tu, bibi namwandikia pembeni kwa penseli.

Babu Kijiweni: Mabibi sikuwatukana. Nilisema soksi.

KichwaNgumu: Jamani, mimi nilikuwa nauliza habari za dada yangu. Kwa taarifa yenu jana shemeji amehamia kwa rafiki yake, dada yupo yupo tu, na watoto wamepelekwa Korogwe kwa bibi "kwa muda". Begi la shule la yule mdogo limesahaulika hapa kwangu.

Babu Kijiweni: Litume na kipande cha sabuni.

MjukuuWaMuheza: Mleta mada, mpigie bibi umuulize nani ametuma. Usiwaulize hao wawili.