Albertville ni Kalemie ao ni Ufaransa? Na Mariotte, banatukatia pointi juu ya nini?

chukudu22 (Goma)
Mambo yenu bakubwa. Jana mangaribi tulikuwa na mashindano ya maswali na vijana ba kartie ingine, batu bane kila ekipe, zawadi kazye moja ya jus na balo. Tumepoteza na pointi mbili na mi naona banatuibia, lakini mbele nirudi kulia kwa ule mwenye alikuwa anauliza maswali, nataka mwenye kujua anipe haki ao anikatalie hapa.

Swali ya kwanza: sheria yenye kusema presio ya gesi ikipanda ujazo unashuka, kama joto haibadilike, ni ya nani? Nikagonga kengele (sahani na kijiko hahaha) nikasema Mariotte. Akaangalia karatasi yake, eti hapana, ni Boyle. Ekipe ingine iko na kijana mwenye alisomea Uganda, yeye akasema Boyle, bakamupa. Sasa mi toka lise nilijifunza Mariotte tu, profu alituletea seringe yenye haina sindano, akaziba tundu na kidole gumba akasukuma, ikafika karibu nusu ikagoma, akaachilia, ikarudi yenyewe. Hiyo siwezi kusahau.

Swali ya pili: Albertville ni mji wa inchi gani? Mwenzetu, mama yake ni mutu wa probensi ya Tanganyika, akajibu mbio: Congo, njo Kalemie. Karatasi inasema Ufaransa. Tulipiga kelele mpaka majirani bakatoka.

profu_kadutu (Bukavu)
Mdogo wangu tulia. Kwa swali la kwanza haki iko kwako, na iko kwa ule wa Uganda pia. Boyle alichapisha 1662, Mariotte naye akaitoa 1676, na yeye njo alisisitiza kwamba joto lazima libaki pale pale. Wenye kusoma kwa Kiingereza wanaita ya Boyle, sisi wa Kifaransa tunaita ya Mariotte ao Boyle-Mariotte. Mwenye kuandika karatasi alitoa maswali ku vitabu vya upande mmoja tu, hakufikiri kama Goma watu wanasomea pande mbili.

Na bado una bahati hakukuuliza Charles. Pale njo kuna mtego, juu majina yenyewe yanapishana. Balo ikiachwa juani inakazana, ujazo haubadiliki sana lakini presio inapanda: sisi tunaita hiyo sheria ya Charles, wa Kiingereza wanaita ya Gay-Lussac. Ukiacha presio pale pale na ujazo unakuwa mkubwa juu ya joto, sisi tunasema Gay-Lussac, wao wanasema Charles! Nimeona mwanafunzi mwenye kuhama kutoka Kampala akipata sifuri ku hiyo na alikuwa anajua kila kitu. Charles mwenyewe alifanya majaribio karibu 1787 bila kuchapisha, Gay-Lussac akachapisha 1802 na akamtaja. Tangu siku ile kwa egzame naandika sheria yenyewe, jina naacha.

mama_sambaza (Goma)
Samahani profu mi si mutu wa fizike, niko na butike tu. Hizi pakete za chipsi zenye zinatoka Mombasa zinafika hapa zimevimba kama mutoto ameshiba, wateja wanakataa eti zimeoza. Hiyo ni Mariotte ao ni uchafu?

profu_kadutu (Bukavu)
Mama hiyo ni Mariotte mzima mzima. Walifunga pakete chini ku bahari, Goma iko karibu metre 1,500 juu, presio ya hewa huku ni kama 84 kwa 100 ya ile ya pwani. Hewa ya ndani inaona nje hakuna mwenye kuikaza, inajitanua. Angalia tarehe tu, kama haijapita uza. Ila maharagi kuchelewa kuiva ku Goma usiweke kwa Mariotte, ile ni maji kuchemka mapema, karibu digrii 95, ni hesabu ingine.

lushois_kamili (Lubumbashi)
Mi najibu ile ya Albertville juu profu ameikimbia hahaha. Kama swali ilisema "ni mji wa inchi gani" basi leo ni Ufaransa, ule mwenye alipokea Olimpiki ya baridi 1992. Jina ilitoka kwa mfalme Charles-Albert wa Sardinia, 1836. Ya kwetu ilikuwa ya Albert wa kwanza, mfalme wa Ubelgiji, na leo ni Kalemie. Bakina Albert babili, mwenzenu alijibu jibu ya babu yake. Huku Lubumbashi babu yangu anasemaka Eville (Elisabethville, jina ya zamani) mpaka leo, na Likasi kwake ni Jadotville, utamubadilisha? Léopoldville, Stanleyville na Elisabethville zilikufa 1966.

Lakini ile inanifurahishaka zaidi ni ya kwetu. Katanga bakaiita Shaba 1971 mpaka 1997, ni kusema probensi ilichukua jina ya chuma. Sasa chuma yenyewe, Kifaransa *cuivre*, ilitoka ku kilatini *cuprum*, na ile ilitoka ku kisiwa cha Kupro, kwenye Baroma balikuwa banaitoa! Fasi ikapa chuma jina, chuma ikarudisha jina kwa fasi ingine. Muulizeni hiyo uone.

chukudu22 (Goma)
Bakubwa aksanti. Nimemuendea na telefone, akasoma yote, akatupa ya Mariotte. Ya Albertville amekataa kabisa, eti "nilisema NI, sikusema ILIKUWA". Tunabaki chini na pointi moja. Jus bamekunywa yote, balo tutaicheza tena siku ya posho. Nani iko na swali kali ya kumutegea?

profu_kadutu (Bukavu)
Muulize juu ya nini gesi ya ziwa Kivu haitoke. Akisema Mariotte amekwisha. Ni sheria ya Henry, 1803: presio ikiwa kubwa, maji yanameza gesi mingi. Chini kule, zaidi ya metre 400, maji yanaikalia. Fungua chupa ya jus yenye mapovu utaona kinyume chake.

mama_sambaza (Goma)
Jus bamekwisha kunywa profu. Na mi pakete zangu narudisha mbele ya butike.