Spika za IP: tangazo la kufungua jengo linalia saa 8 usiku, na ghorofa mbili hazisikii kitu. Naombeni ushauri

mtunza_jengo:
Wakuu, habari za kazi. Nimekabidhiwa mfumo wa matangazo wa jengo la ghorofa nne na nimekwama. Kuna spika 22 za IP (za kuchomeka kwenye mtandao), zote zinakula umeme wa PoE (unaopita kwenye waya huo huo wa mtandao), na seva moja ndogo ya Linux inayorusha sauti kwa maltikasti (inatumwa mara moja, spika zote zilizoiomba zinapokea). Fundi aliyefunga aliacha nenosiri na karatasi moja, akaenda zake. Kazi yenyewe ukiisikia ni ndogo: tangazo la kufungua jengo, la kufunga, na katikati vikumbusho vya lifti na maegesho.

Juzi mlinzi wa zamu alinipigia simu usiku wa manane anahema. Yuko peke yake, taa za korido zimezimwa, mara kengele ikalia na sauti ya kike ikasema, "Karibuni, jengo sasa liko wazi." Saa 8 usiku! Mchana wake, saa 6 kamili, jengo zima likatangaziwa kwamba linafungwa. Watu wakaanza kubeba mikoba.

Pili, ghorofa ya 3 na ya 4 ni kimya. Nikichomoa spika na kuzichomeka upya zinasikika safi kabisa. Nashuka chini nimeridhika, kabla sijakaa napigiwa kwamba kimya kimerudi.

Tatu, pale mlangoni tangazo linatoka mara mbili. La pili linakuja dakika 7 baadaye, na ni kwenye kundi la spika 3 za pale tu.

Nimebadilisha nyaya, nimeongeza sauti, nimewasha seva upya. Nianzie wapi?

Ngurumo:
Ngoja wataalamu waje. Ila hapo kwa mlinzi nimecheka peke yangu kwenye gari la watu.

SautiJuu:
Mkuu, mimi ningeanza na umeme. Kila tundu la PoE la kiwango cha 802.3af linatoa hadi wati 15.4, lakini swichi nyingi (vile visanduku vya kugawa mtandao) haziwezi kutoa kiasi hicho kwenye matundu yote kwa wakati mmoja. Hizo ghorofa mbili zina spika ngapi? Tuseme 11: 11 mara 15.4 ni kama wati 169. Soma bajeti ya PoE ya swichi yako. Ikizidiwa, spika hufa pale pale zinapopaza sauti zote kwa pamoja.

mtunza_jengo:
Ni 11 kweli. Nimeangalia sasa hivi, swichi inasema imetumia wati 61 kati ya 370. Taa za spika hazizimiki, na ukurasa wa kila spika unafunguka kwenye kivinjari. Zipo hai, ila hazisemi.

SautiJuu:
Basi sio umeme. Naondoka kwenye hilo.

Mzee_Waya:
Kijana, hiyo karatasi uliyoachiwa imeandikwaje saa? Iandike hapa kama ilivyo, usiirekebishe.

mtunza_jengo:
Shikamoo mzee. Imeandikwa: "Kufungua saa 2:00. Kufunga saa 12:00 jioni." Kijana wangu wa ofisi ndiye aliyeingiza kwenye ratiba.

Mzee_Waya:
Marahaba. Kaingiza 02:00 na 12:00, siyo? Saa 2 asubuhi kwa seva ni 08:00, na saa 12 jioni ni 18:00. Mashine haijui kuhesabu saa kuanzia macheo kama sisi. Ukiona tangazo limepotoka kwa saa 6 kamili, usiguse kifaa, mtafute aliyeandika ratiba.

Likipotoka kwa idadi nyingine ya saa kamili, huo ni ukanda wa saa: seva imebaki kwenye UTC, saa ya kimataifa. Likipotoka kwa dakika, saa ya kifaa inateleza na hakuna NTP (huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao) ya kuirudisha. Mimi nimefunga hii mitambo miaka mingi, na sasa kila ratiba nairudisha kwa mwenye jengo ikiwa na safu mbili, saa yetu upande mmoja na saa ya mashine upande wa pili. Asaini ndipo niingize.

Kwa hiyo hizo dakika 7 zako zinanipa wasiwasi. Hizo spika 3 za mlangoni ndizo zilizofungwa kwanza?

mtunza_jengo:
Ndiyo mzee, ndizo zilizotumika kwenye majaribio. Umejuaje?

Mzee_Waya:
Fungua ukurasa wa spika mojawapo, tafuta ratiba ndani yake. Spika nyingi za IP zinaweza kubeba faili na ratiba zenyewe bila seva. Fundi alijaribia humo, akasahau kufuta. Seva inatangaza kwa saa yake, spika nayo inarudia kwa saa yake iliyochelewa.

mtunza_jengo:
Mzee nimeikuta! Kuna kitu kinaitwa "jaribio2", kila siku 08:00. Na saa ya spika iko nyuma dakika 7 kasoro sekunde chache. Kumbe tangazo la asubuhi lililokuwa linasikika mlangoni kwa wakati wake wala halikuwa la seva.

Hapana, ngoja. Kama la seva lilikuwa linalia usiku, mbona asubuhi yanasikika mawili?

Bi_Mtandao:
Kwa sababu spika ziko tatu na kila moja ina saa yake. Angalia zote, nahisi mojawapo inakwenda vizuri na nyingine zimechelewa.

mtunza_jengo:
Ni kweli dada. Moja iko sawasawa, mbili ziko nyuma. Nimefuta ratiba kwenye zote tatu na nimezielekeza kwenye seva kwa ajili ya NTP.

Bi_Mtandao:
Safi. Ratiba ikae sehemu moja tu, kwenye seva. Sasa tuje kwenye kimya, maana hapo ndipo penye mtandao hasa.

Ukishachomeka spika upya, inasikika kwa muda gani kabla ya kunyamaza? Usikadirie. Rusha muziki mfululizo, washa saa ya simu.

mtunza_jengo:
Nimepima mara tatu: 4:18, 4:21, 4:20.

Bi_Mtandao:
Nilijua. Sekunde 260. Hiyo sio bahati mbaya, ni hesabu ya IGMP, lugha ambayo vifaa hutumia kuomba maltikasti.

Spika ikiwaka inaiambia swichi, "nataka sauti ya kikundi fulani," mfano 239.1.1.10. Swichi yenye IGMP snupingi (kusikiliza maombi hayo) inaandika ombi hilo kwenye jedwali lake na kupeleka sauti kwenye tundu hilo tu. Lakini inatakiwa kuwe na kifaa kinachouliza kila sekunde 125, "bado mnataka?" Kifaa hicho ni kweria. Kama hakipo, hakuna anayeuliza, kwa hiyo spika nayo haina wa kumjibu. Mara mbili ya 125 jumlisha 10 za kusubiri jibu ni 260. Zikiisha, swichi inafuta jina la spika na kufunga bomba, wakati spika yenyewe imekaa inasubiri sauti kwa uaminifu wote.

Ghorofa za chini bila shaka ziko kwenye swichi nyingine ya kizamani isiyo na snupingi, ndiyo maana zinasikika.

Ingia kwenye swichi ya juu, fungua VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi) ya spika, washa kweria ya IGMP. Hakikisha swichi ina anwani ya IP kwenye VLAN hiyo hiyo, kwani baadhi ya swichi bila anwani haziulizi kitu hata ukiweka tiki. Kisha fungua jedwali la vikundi ulitazame kwa dakika 5. Majina ya matundu yakibaki, umemaliza.

kebo_nyekundu:
Dada, mbona mzunguko mrefu hivyo? Azime snupingi tu. Mkondo mmoja wa G.711 (mfumo wa kawaida wa kusimba sauti) ni kama kilobiti 87 kwa sekunde ukijumlisha vichwa vya pakiti. Hata ukimwagwa kwenye kila tundu, nani atauhisi?

Bi_Mtandao:
Kwa mkondo mmoja nakubaliana na wewe, hakuna atakayeuhisi. Tatizo ni siku kamera zitakapoingizwa kwenye VLAN hiyo na zenyewe zirushe video kwa maltikasti, au mtu achomeke kituo cha Wi-Fi. Wi-Fi hutuma maltikasti kwa kasi ya chini na bila kuthibitisha kama imepokelewa. Mtandao mzima utakuwa mzito na hakuna atakayekumbuka kwamba snupingi ilizimwa. Kuzima kama jaribio la dakika 10, sawa. Kuacha hivyo, mimi siwezi.

kebo_nyekundu:
Haya, hoja ya Wi-Fi nimeipokea. Bado nasema kwa spika 22 kwenye VLAN ya peke yake ningezima nikalala.

SautiJuu:
Swali la pembeni. Matangazo yako hayakatwi neno la kwanza? Kwangu "Tahadhari" ilikuwa inatoka "hadhari". Spika huchukua muda kidogo kufungua mkondo. Weka kengele mbele ya maneno, au nusu sekunde ya ukimya. Na rekodi iwe mono, kilohezi 16 inatosha kwa sauti ya mtu kama spika zako zinapokea G.722, usimbaji wa sauti pana zaidi.

Mzee_Waya:
Na kabla hujaenda: mfumo huu usiugeuze kengele ya moto. Matangazo ya kuhamisha watu yana vifaa vyake. Ulaya wanafuata viwango vya EN 54, Marekani NFPA 72, vyenye umeme wa akiba na nyaya zinazosimamiwa. Wewe hakikisha jambo moja: paneli ya moto ikilia, ratiba yako inyamaze. Chukua mguso (ishara ya umeme ya kuwaka na kuzima) kutoka kwenye paneli uingize kwenye seva. Na mwenye mfumo wa moto awepo siku ya kuunganisha, usijichomekee mwenyewe.

mtunza_jengo:
Wakuu, mrejesho. Swichi kweli haikuwa na IP kwenye VLAN ya spika. Nimeipa, nimewasha kweria, na muziki unapiga ghorofa ya 4 saa nzima sasa. Nimekaa chini ya spika kama mtu anayesubiri matokeo. Ratiba nayo iko 08:00 na 18:00, na mlinzi nimemwomba radhi.

Limebaki moja. Lifti zinakaguliwa Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, tangazo liwe saa 2 na nusu asubuhi. Kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux) nimeandika `30 8 1-7 * 1` lakini jana Jumatano limelia.

Bi_Mtandao:
Cron ukiipa tarehe na siku ya wiki kwa pamoja inachukua yoyote inayotimia, haisubiri zote mbili. Kwa hiyo litalia tarehe 1 hadi 7 zote, na kila Jumatatu ya mwezi. Bakiza tarehe, siku ya wiki iulize ndani ya amri:

`30 8 1-7 * * [ "$(date +\%u)" = 1 ] && /opt/matangazo/lifti.sh`

Huo mkwaju (\) kabla ya asilimia usiuondoe, cron inaisoma asilimia tupu kama mwisho wa mstari.

mtunza_jengo:
Nimeuweka, na mkwaju upo. Jumatatu nitakuwa kwenye lifti saa 2 na nusu. 08:30, mzee.