Wabulushi wa Rujewa na Wahindi wa Uhindini: tunapimaje nani ana hali nzuri kiuchumi?

Daftari Jekundu

Wakuu, salaam. Nahitaji mawazo ya watu wanaoijua Nyanda za Juu Kusini kwa undani. Kazi ni kulinganisha hali ya kiuchumi ya jamii mbili zenye asili ya ng'ambo: Wabulushi (asili yao Baluchistani, upande wa Iran na Pakistan) wa Rujewa na vijiji vya jirani kule bonde la Usangu, Mbeya, na Waasia wa mjini, wale wa Uhindini Mbeya na wenzao wa Iringa. Wote mababu zao walitoka nje, wote wana wajukuu na vitukuu waliozaliwa hapa, ila wa kwanza wanajulikana kwa mpunga na wa pili kwa duka.

Rasimu ya dodoso inauliza kipato cha mwezi, nyumba, gari, idadi ya ng'ombe na elimu ya watoto. Nimepanga kaya 30 kila upande, na muda wa kwenda uwandani ni Julai. Naomba mnioneshe palipo na shimo kabla sijatumbukia.

Banio la Kati

Mkuu, anza kwa kufuta "kipato cha mwezi". Mkulima wa mpunga hana kipato cha mwezi. Usangu kitalu huanza Novemba au Desemba, kupandikiza ni Januari na Februari, mavuno ni Mei hadi Julai. Ukimuuliza Julai, mpunga uko uani na madeni ya vibarua yamelipwa, utamwona bwana mkubwa. Mtu yuleyule ukimfuata Februari ametoka kulipa pawatila, kupandikiza na kupalilia, mfuko mtupu. Mwenye duka naye hapa kwetu hufuata kalenda hiyohiyo: mauzo hupanda mkulima akishauza. Ukienda Julai tu, umepima msimu wa jamii zote mbili, hujapima hali yao.

Ukilazimika kubaki na kipato, uliza kwa mwaka mzima wa kilimo na ujenge hesabu kwa vipande: eka ngapi zake, ngapi za kukodi, magunia mangapi, yameuzwa lini na kwa bei gani, kisha utoe gharama moja moja. Watu husahau kuamia ndege, kupiga mpunga, magunia matupu na ghala. Mtu akikutajia faida moja kwa moja, ujue ni bei ya kuuzia ukitoa kile alichokumbuka.

Na gunia! Usiandike "gunia" bila kilo. Chukua mfano: eka 10, magunia 20 kila eka. Gunia likiwa la kilo 80, hiyo ni tani 16 za mpunga, na kinu kikitoa asilimia 65 unapata kilo 10,400 za mchele. Ukidhani gunia ni kilo 100, unaandika kilo 13,000. Umempa mtu tani mbili na nusu za mchele ambazo hana. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, inapindisha hesabu upande wa pili. Dawa yake ni kubeba mizani ya kuning'iniza na kupima magunia matano au sita kila kijiji. Usikubali wastani wa kuambiwa.

Swali jingine usilokuwa nalo: jaruba (kipande cha shamba la mpunga) liko wapi kwenye mfereji? Aliye karibu na banio, pale maji yanapoingilia mfereji, hupata maji mapema, hupandikiza mapema, huvuna wakati soko bado lina njaa. Aliye mkiani husubiri mabaki, na mpunga wake hukomaa wakati kila mtu anauza. Eka 5 za juu na eka 5 za mkiani si mali sawa hata kidogo, ingawa kwenye dodoso lako zote ni "5".

Chaki Nyeupe

Naongezea hapo kwenye kipimo. Tumia matumizi ya kaya, maana hayayumbi na msimu kama kipato. Fuata utaratibu wa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu): chakula kilichonunuliwa pamoja na kile cha shambani kwa bei ya soko, mavazi, ada, matibabu, na pango la nyumba. Wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, na wa chakula 33,748. Ukitumia namba hizo leo, zipandishe kwanza kwa faharisi ya bei.

Usigawe kwa vichwa, mpe kila mtu uzito wake ukilinganisha na mtu mzima mmoja. Mwanamume wa miaka 19 hadi 59 ni 1.00, mwanamke wa umri huo 0.88, mtoto wa chini ya miaka 3 ni 0.40. Baba, mama na mtoto wa miaka miwili ni 2.28, kwa hiyo mstari wao kwa bei za wakati ule ni kama shilingi 112,450. Hili lina uzito kwako, kwa sababu kaya za ukoo mkubwa wanaokula chungu kimoja zitaonekana maskini mno ukigawa kwa vichwa.

Ila tahadhari: mstari wa umaskini hautakusaidia sana mjini kati. Wengi watakuwa juu yake, na ulinganisho utaishia kwenye sentensi moja. Toa pia kati (ile thamani inayogawa kaya nusu kwa nusu) na robo ya chini ya kila jamii. Wastani usiuguse, familia moja yenye maghala matatu inaweza kuuburuta wote.

Pembejeo Tupu

Mnajichosha bure. Mhindi ni tajiri, Mbulushi ni mkulima kama sisi. Jibu hilo, karatasi zimeokolewa.

Mizani ya Sokoni

@Pembejeo Tupu, hapo umehesabu shehena ya duka ukaiita mali ya kaya. Bidhaa za rafuni nyingi ni za mkopo wa muuzaji wa jumla. Duka lenye mzigo wa milioni 60 na deni la milioni 52 lina milioni 8. Tena duka moja mara nyingi ni la ndugu watatu wenye kaya tatu. Dodoso likiwafikia wote, kila mmoja atalitaja na wewe utalihesabu mara tatu. Tenganisha biashara na kaya, kisha uliza hisa.

@Daftari Jekundu, "Waasia wa Uhindini" si jamii moja. Humo wamo Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, Ithnaasheri na Bohora, wamo Wahindu na Kalasinga, na njia zao za uchumi ni tofauti. Waismailia walikuwa na taasisi zao za fedha mapema: bima ya Jubilee ilianzishwa 1937, na kwenye jubilei ya almasi ya Aga Khan, kiongozi wao, ya 1946 ukaundwa mfuko wa uwekezaji uliokuja kuwa benki ya Diamond Trust. Familia iliyopata mkopo wa nyumba miaka ya 1950 kupitia jumuiya yake haikuanza mbio mstari mmoja na fundi seremala wa Kalasinga aliyejitegemea. Ukiwaweka kapu moja, tofauti za ndani zinaweza kuwa kubwa kuliko hiyo unayoitafuta kati yao na Wabulushi.

Halafu nyumba. Ukimwona mtu ana duka chini na makazi ghorofani, usiandike "anamiliki". Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya 1971 ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na yaliyozidi miaka kumi hayakupata fidia. Yakaenda kwa Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba. Kwa hiyo unaweza kukuta mjukuu ni mpangaji wa Shirika ndani ya jengo alilojenga babu yake. Uliza nani anapokea kodi. Kwa mwenye nyumba yake, kadiria pango ambalo angelipa, uliingize kwenye matumizi. Ukiliacha, mpangaji ataonekana anatumia zaidi kuliko mwenye nyumba.

Mwenye jaruba la mpunga sheria hiyo haikumgusa. Yeye alibanwa kwa njia nyingine: miaka ya ukiritimba wa Shirika la Taifa la Usagishaji, nafaka ilikuwa na mnunuzi mmoja na bei moja. Mmoja alinyang'anywa mtaji kwa siku moja, mwingine alipunguziwa kila msimu. Ndiyo maana tarehe za kuuliza "mambo yaliharibika lini?" hazitafanana, na usizilazimishe zifanane.

Mwisho kwa leo: waliobaki si wote waliokuwepo. Waasia wengi waliondoka baada ya 1971 kwenda Uingereza na Kanada. Ukipima waliobaki tu, unapima ama walioweza kuhimili ama walioshindwa kuondoka, na hujui ni wepi kati ya hao. Weka jedwali la ndugu: babu alizaa wangapi, wako wapi, wanafanya nini, nani anatuma fedha na nani anatumiwa.

Daftari Jekundu

Asanteni sana wakuu, nimefuta nusu ya dodoso. Kuhusu sampuli, nimeshauriwa nichukue majina kwenye vibao vya maduka mjini, na kule Rujewa nichague kwa majina ya ukoo. Je, inafaa? Na 30 zinatosha?

Kalenga Juu

Vibao vya maduka vitakupa wenye maduka. Karani, mwalimu, mjane anayeishi kwa msaada wa ndugu, kijana anayeuza vipuri kwa kuajiriwa, hawana kibao. Utakuwa umemaliza utafiti kabla ya kuuanza. Rujewa nako majina ya Kiislamu hayakuambii kitu, na kuoleana na Wasangu na wengineo kumekuwepo tangu zamani. Amua ufafanuzi kabla ya kwenda: je, ni anayejitaja mwenyewe, ni asili ya upande wa baba, au ni babu yeyote mmoja kati ya wawili? Andika yote matatu kwenye dodoso, kisha uone matokeo yanabadilika kiasi gani. Sensa haikusaidii hapo, maana baada ya ile ya 1967 haiulizi tena kabila wala asili.

Kaya 30 ni chache. Ukipata nusu yao wana hali fulani, kosa ni pointi 18 juu au chini, yaani kati ya asilimia 32 na 68. Hapo hujasema kitu. Ila jamii hizi ni ndogo, na hiyo ni faida. Tuseme zipo familia 120, ukazifikia 80 kwa bahati nasibu, kosa linashuka hadi kama pointi 6. Tengeneza orodha kamili kwanza, kwa balozi wa mtaa, wazee wa msikiti, jamatkhana (nyumba ya ibada ya Waismailia) na hekalu, kisha ndipo uchague. Ukitumia mnyororo wa kuelekezana mtu kwa mtu, anza na watu sita wasiojuana, la sivyo utazunguka ndani ya ukoo mmoja.

Vibali: barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa. Usiruke ngazi, mtendaji asiyepata nakala ana haki ya kukurudisha. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za asili ya mtu kuwa nyeti, kwa hiyo ridhaa iwe ya maandishi. Kwenye mji mdogo jina si lazima litajwe: "familia ya Kibulushi yenye kinu na malori mawili" kila mtu anaijua. Jedwali lolote lenye kaya chini ya tano kwenye kisanduku, liunganishe na jingine.

Banio la Kati

Narudi kwa jambo ambalo naona ndilo kubwa kuliko yote. Hata ukipima vizuri, ukilinganisha Mbulushi na Mhindi moja kwa moja utapata tofauti ya kijiji na mji, ya jembe na duka, kisha utaibandika jina la asili. Chukua jirani. Kwa kila kaya ya Kibulushi tafuta kaya ya Kisangu kwenye mfereji uleule, sehemu ileile ya mfereji. Kwa kila kaya ya Uhindini tafuta mfanyabiashara wa Kikinga kwenye mtaa uleule, mwenye bidhaa za aina ileile. Wakinga kwa biashara za Mbeya hawahitaji utambulisho, na wao hawakupata mkopo wa jubilei. Ukiona Mhindi na Mkinga wamelingana, basi kinachozungumza ni mtaa na biashara. Wakipishana, hapo ndipo uulize mtaji wa mwanzo, ndugu wa ng'ambo na elimu.

Kwa Usangu, Wabulushi ndio wanaotajwa kuanzisha kilimo cha mpunga wa kumwagilia miaka ya 1930 na 1940, kwa hiyo uliza nani aliwahi mfereji. Lakini kuwahi hakukuwa kinga: mashamba makubwa ya serikali ya Mbarali na Kapunga yalikuja baadaye na kuchukua maji mengi, na Ihefu, ardhi oevu ya Usangu, ikaingizwa Hifadhi ya Ruaha 2008. Andika pia aina ya haki: hati ya kimila, hati ya halmashauri, au neno la mdomo tu. Eka bila karatasi haikopesheki benki, na kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Bonde la Rufiji ni karatasi nyingine kabisa.

Daftari Jekundu

Nimepata. Nitakwenda mara mbili, Februari na Agosti, kaya zilezile. Swali la nyumba sasa linasomeka: "Je, nyumba hii ni yako? Ndiyo/Hapana."

Mizani ya Sokoni

Hilo bado bovu. Weka majibu matano: yangu kwa hati; ya familia ambayo mirathi haijagawanywa; ya kupanga kwa mtu; ya kupanga Shirika la Nyumba; naishi bure kwa ndugu. Hilo la pili ulifuatilie kwa swali moja zaidi, warithi wangapi, kwa sababu nyumba ya babu yenye warithi kumi na wanne, tisa wako Toronto, haiuzwi wala haiwekwi dhamana. Na uliulize mjini na Usangu vilevile, maana majaruba nayo yana mirathi isiyogawanywa.