Tupeane uzoefu: siku dampo la kori lilipokuonyesha kilichoiua programu yako

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Naomba uzi huu tuutumie kupeana uzoefu wa jambo moja tu, yaani siku ambayo dampo la kori lilikuonyesha kwa nini programu yako ilikufa, au lilikataa kabisa kukuonyesha. Naona vijana wengi wanaoingia kazini wakikutana na programu iliyoanguka huiwasha upya, hushukuru Mungu, kisha huendelea na shughuli nyingine mpaka ianguke tena, ilhali mashine ilikuwa tayari kuwaachia maiti nzima waipasue.

Kwa wasiolifahamu, dampo la kori ni faili ambalo kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, huliandika programu inapouawa na baadhi ya ishara, kama SIGSEGV inayotokana na kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, au SIGABRT ambayo kwa kawaida programu hujipelekea yenyewe. Ndani yake mna kumbukumbu ya programu kama ilivyokuwa wakati ule, rejista zake, na staki, yaani orodha ya fanksheni zilizoitana, ya kila uzi (nazungumzia nyuzi za programu, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani yake, si uzi kama huu wetu). Neno kori limebaki tangu enzi ambazo kumbukumbu ya kompyuta ilifumwa kwa vipete vidogo vya sumaku. Neno dampo nalo lisikufanye udhani ni jalala, ingawa ukilifungua mara ya kwanza huenda usione tofauti kubwa.

Nianze na langu. Nilikabidhiwa programu ya C iliyokuwa ikituma ankara za maji kwa ujumbe mfupi, ambayo kila baada ya siku chache ilikufa kati ya saa 8 na saa 9 usiku bila kuandika chochote. Hati iliyoiwasha ilirekodi namba 139 tu. Nilichukua muda kutambua kwamba 139 ni 128 kujumlisha 11, na kwamba 11 ndiyo SIGSEGV. Nilipoandika `ulimit -c` nikajibiwa 0, maana yake mashine ilikuwa imekatazwa kuandika dampo la ukubwa wowote. Nikabadilisha kuwa `unlimited` ndani ya hati ileile inayoiwasha programu, kwa sababu kubadilisha kwenye dirisha lako mwenyewe hakuigusi programu iliyoanzishwa kwingine, nikasubiri usiku nne.

Faili lilipopatikana nililifungua kwa gdb, programu ya kutafutia makosa, nikaandika `bt`, amri inayochapisha ile staki, na anwani iliyoshindikana kusomwa ikawa 0x18. Anwani ndogo kiasi hicho ni alama ninayoipenda sana: karibu kila mara ni pointa tupu (yaani anwani isiyoelekeza popote, sifuri) iliyoongezewa umbali wa sehemu fulani ndani ya muundo. Namba 0x18 ya heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16, ni baiti 24, na kwenye muundo wetu wa mteja baiti ya 24 ndiyo inapoanza namba ya simu. Nikapanda hadi fremu ya 2, yaani hatua ya 2 ya staki, nikachapisha `mteja`, nikaona 0x0. Kumbe saa 8 usiku kulikuwa na kazi nyingine iliyofuta wateja waliohama, na programu yetu ilikuwa imeshasoma orodha ya namba zao kabla hawajafutwa. Marekebisho yalikuwa mistari mitatu.

Karibuni.

Kipanga_wa_Tanga

Mleta uzi, ahsante. Langu linahusu anwani kubwa mno, si ndogo. Tulihamisha programu ya zamani kutoka mashine ya biti 32 kwenda ya biti 64, ikawa inaanguka papo hapo. Dampo lilionyesha pointa yenye thamani 0xffffffffc8a216b0. Nikaikodolea macho kwa muda mrefu kabla sijaona kwamba nusu ya kulia ni anwani halali iliyokatwa, na zile f nane zimejazwa na mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa kompaila, yaani kile kinachogeuza msimbo kuwa programu. Fanksheni iliyorudisha pointa haikuwa imetangazwa kwenye faili lililoiita, kwa hiyo kompaila ikadhani inarudisha namba nzima ya biti 32, ikatupa nusu ya juu ya anwani, kisha ikaipanua nusu iliyobaki kana kwamba ni namba hasi. Kwenye mashine ya biti 32 kosa hilo liliishi miaka kwa raha mustarehe, kwa sababu pointa na namba nzima zilikuwa na upana mmoja. Onyo lilikuwepo muda wote kwenye kompaila, ila mradi ule ulitoa maonyo mengi mno hata hakuna aliyeyasoma. Kompaila ya GCC, toleo la 14 la mwaka 2024, imeligeuza jambo hilo kuwa kosa linalozuia ujenzi, nami naiunga mkono kwa mikono miwili.

mgeni_wa_linux

Samahani wakubwa zangu, naomba kuuliza. Nimefanya `ulimit -c unlimited` kama alivyoeleza mleta uzi, lakini programu yangu inakufa na hakuna faili lolote linaloonekana. Inaendeshwa ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ndani ya mashine nyingine. Ninakosea wapi?

Mzee wa Seva

Mgeni, soma `/proc/sys/kernel/core_pattern` kwanza. Ikiwa mstari wake unaanza na alama ya bomba (`|`), dampo haliandikwi kwenye folda yako bali linapelekwa kwa programu nyingine. Kwenye mifumo inayotumia systemd-coredump utalitafuta kwa `coredumpctl list`. Fahamu pia kwamba mpangilio huo ni wa kerneli ya mashine mwenyeji, kwa hiyo kontena haina wake pekee. Tena utuambie namba ya kutokea, kama ile 139 ya mleta uzi, ilikuwa ngapi, kwa sababu si kila kifo huacha maiti.

Sasa langu, ambalo ni la aibu. Niliruhusu madampo bila kikomo kwenye seva ya kazi, na kwenye jina nikaweka namba ya mchakato ili moja lisifute jingine. Usiku mmoja huduma ikaanza kuanguka kila ilipomaliza kupakia data, jambo lililochukua kama dakika moja, na systemd, inayosimamia huduma za mfumo, ikawa inaiwasha upya kwa utiifu. Kile kizuizi cha kuwashwa mara tano ndani ya sekunde kumi hakikufanya kazi, kwa kuwa huduma ilikuwa ikifa polepole kuliko kizuizi kilivyotarajia. Kila dampo lilizidi gigabaiti 2. Kulipokucha diski ilikuwa imejaa, hifadhidata iliyokuwa kwenye diski hiyohiyo nayo imesimama, na dampo la mwisho lilikuwa limekatika katikati, gdb ikalilalamikia. Tangu hapo madampo yangu yana diski yao na kikomo chao.

Bi Staha

Naomba mnivumilie, langu ni refu.

Nilikuwa natunza programu ya kusajili wanachama wa chama cha akiba na mikopo. Ilianguka labda mara moja kwa wiki, na madampo tulikuwa nayo, mazuri kabisa, yenye alama zote za utatuzi kwa sababu tulijenga kwa `-g`. Kila dampo lilisema jambo lilelile: SIGABRT, ujumbe `free(): invalid size`, na juu ya staki yupo fanksheni anayeachilia kumbukumbu ya anwani ya makazi. Niliisoma fanksheni hiyo mara zisizo na hesabu. Ilikuwa na mistari sita na haikuwa na dosari. Mwenzangu akashauri tuiandike upya, tukaiandika upya, nayo ikafa vilevile.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba `bt` hukuonyesha mahali programu ilipokata roho, wala si lazima pawe ndipo ilipojeruhiwa. Pointa tupu ya mleta uzi iliua hapohapo ilipoguswa. Kumbukumbu iliyochafuliwa hungoja, na anayekutwa na maiti mlangoni ni jirani.

Basi nikaacha kusoma msimbo, nikaanza kusoma baiti. Nilichukua anwani ya kipande kilichokataliwa, nikarudi nyuma baiti 48, nikaandika `x/64xb`, amri ya gdb ya kuonyesha baiti 64. Kabla tu ya kipande hicho, glibc, maktaba ya C inayogawa kumbukumbu, huweka baiti 8 zinazotaja ukubwa wake, na nilitarajia nikute 31 kisha sifuri. Nilikuta 69. Kwenye jedwali la ASCII, 69 ya heksadesimali ni herufi ndogo i. Nikaangalia kilicho nyuma yake kwa `x/s`, inayoonyesha maandishi, likatokea jina la mwanachama lenye ng' ndani yake, na herufi yake ya mwisho ndiyo ile i iliyokaa juu ya ukubwa wa jirani.

Jina lile lilikuwa na herufi 23 ukihesabu na nafasi, na msimbo ulikuwa umeomba baiti 24, moja ikiwa ya kufungia. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama ile alama ya ng' ingekuwa ritifaa ya kawaida iliyo kwenye kibodi. Lakini karani alikuwa akinakili majina kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, ambayo huipinda alama hiyo kwa ajili ya urembo, na alama iliyopinda kwenye UTF-8 si baiti moja bali tatu: e2 80 99. Mwandishi wa msimbo alihesabu herufi, kisha akanakili baiti. Zikazidi mbili, moja ikiwa ile i na nyingine sifuri ya kufungia.

Kwa nini mara moja kwa wiki? Kwa sababu glibc haitoi baiti kamili ulizoomba, bali huzijaza hadi 24, 40, 56 na kuendelea, kwa hiyo majina mengi yenye ng' yalipata nafasi ya ziada bila mtu kujua. Jina lilipaswa kuangukia ukingoni kabisa. Na tena, lililoishia na i liliua mara moja, kwa sababu ukubwa unaotokana na 69 haugawanyiki kwa 16 na glibc huukataa. Lililoishia na a liliacha 61, ukubwa unaoonekana halali, likapita kimya na kuharibu kitu kingine baadaye. Ndipo nilipoelewa yale madampo mengine mawili yasiyofanana na wenzake, ambayo nilikuwa nimeyaweka pembeni kwa kuyaona ya bahati mbaya.

Nilithibitisha kwa kujenga upya kwa `-fsanitize=address`, inayokagua kila matumizi ya kumbukumbu, na kulisajili jina lile, nikaonyeshwa mstari ulioandika nje ya mpaka kwa jaribio la kwanza. Mtaniuliza kwa nini sikuanza na hilo. Ni kwa sababu majina yangu ya majaribio yote niliyaandika mwenyewe kwa kibodi.

Kipanga_wa_Tanga

Bi Staha, hii ya ng' nitaihadithia hadi nistaafu.

Fundi_Nakala

Mimi nina tahadhari mbili fupi. Ya kwanza: dampo linahitaji programu ileile iliyokufa, si nduguye. Niliwahi kujenga upya kutoka msimbo uleule kwa kompaila iliyosasishwa, gdb ikanionya kwamba huenda dampo na programu havilingani, nikapuuza, nikapoteza siku mbili nikikagua fanksheni ambayo haikuhusika hata kidogo. Sasa kila toleo ninalolipeleka kwenye seva natunza nakala yake isiyopunguzwa kwa `strip`, inayoondoa alama za utatuzi, na kabla ya lolote nalinganisha kitambulisho cha ujenzi kwa `eu-unstrip -n --core`.

Ya pili: dampo ni siri. Mkandarasi mmoja aliniomba nimtumie dampo kwa barua pepe, na kabla ya kutuma nikalipitisha kwenye `strings`, inayochota maandishi yanayosomeka. Nenosiri la hifadhidata lilikuwemo, limeandikwa wazi, pamoja na namba za simu za wateja. Ndiyo maana kwa kawaida Linux haitoi dampo la programu zinazobadilisha mamlaka ya mtumiaji. Hata wakubwa limewagusa: Septemba 2023 Microsoft ilieleza kwamba ufunguo wa kutilia saini uliotumiwa na wadukuzi kuingia kwenye barua pepe za wateja wake huenda ulitoka kwenye dampo la mfumo ulioanguka Aprili 2021, kisha Machi 2024 ikarekebisha maelezo na kusema haikupata dampo lenye ufunguo huo. Lile la kwangu nililisomea hukuhuku ofisini, nikamtumia mkandarasi matokeo ya `bt` peke yake baada ya kuyakagua.

Mleta uzi

Naongeza dogo kwa wale ambao programu zao hazifi bali zinaganda. Huna haja ya kuiua ili upate dampo: `gcore` na namba ya mchakato hukupa nakala, na programu huendelea baada ya kusimama kidogo. Ukilifungua, `thread apply all bt` itakuonyesha kila uzi umesimama wapi. Niliwahi kukuta nyuzi mbili, kila mmoja ukishika kufuli ambayo mwenzake unaingoja, kama watu wawili mlangoni wanaoambiana "tangulia wewe".

mgeni_wa_linux

Nashukuru sana wakubwa zangu. Namba ya kutokea ilikuwa 137.

Mzee wa Seva

137 ni 128 na 9, yaani SIGKILL. Hiyo haiachi dampo hata ufanyeje. Tazama `dmesg`, inayoonyesha ujumbe wa kerneli, kwenye mashine mwenyeji, utakuta kerneli imeiua kwa kuishiwa kumbukumbu. Ipunguzie kontena mzigo au iongezee kikomo, kisha uchukue `gcore` ikiwa imeshavimba lakini bado i hai.

mgeni_wa_linux

Ni kweli, `dmesg` imesema hivyo hivyo. Nimeongeza kikomo, nimechukua `gcore` baada ya nusu saa, faili lina megabaiti 812, na karibu lote ni mstari mmoja wa maandishi uliorudiwa. Mstari huo naufahamu, niliuandika mimi Ijumaa.