Kutathmini hatari ya volkano: duara kuzunguka kreta linatosha?

mpima_ardhi
Habari wakuu, nina kazi ya kutathmini hatari ya volkano. Nimechukua kreta (mdomo wa volkano) nikapiga duara la kilomita 20, nikahesabu nyumba, shule na madaraja yaliyomo, walio nje nikawaandika wako salama. Msimamizi kanirudishia na swali moja tu, "maji yanashukia wapi?" Sasa volkano ni moto, maji yanaingiaje hapo?

Bonde85
Mkuu huyo msimamizi kakusaidia sana. Duara linafaa kwa mawe yanayorushwa karibu na kreta, basi, ila vinavyoua watu wengi vinafuata mabonde. Angalia volkano ya Nevado del Ruiz kule Kolombia, Novemba 13, 1985. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa, ila ukayeyusha barafu ya kileleni, maji yakazoa majivu na mawe, likawa tope zito kama zege bichi linashuka na mto, na baada ya kama saa mbili na nusu likaufikia mji wa Armero usiku watu wako ndani. Mji ulikuwa zaidi ya kilomita 40 toka kreta, yaani kwa duara lako wangekuwa salama kabisa. Walikufa kama 23,000 kwenye tukio lile. Kinachoniuma mpaka leo, ramani ya hatari ilishatolewa mwezi mmoja hivi kabla na Armero imo, na tope la namna hiyo lilishapita hapohapo 1845. Saa mbili na nusu mtu anapanda kilima kwa miguu!! Kwahiyo usiishie kuchora, andika nani anawaamsha watu na wanakimbilia kilima kipi.

mama_wa_paa
Naongezea majivu. Watu wanadhani ni kama ya jikoni, hapana, ni vipande vya mwamba na kioo, ukisugua kidoleni yanakwaruza. Yakilowa ndo balaa, sentimita 10 tu zinaweza kufika kilo 100 na zaidi kwa kila mita ya mraba. Volkano ya Pinatubo, Ufilipino, Juni 1991, kimbunga kilipita siku ileile ya mlipuko mkubwa, mvua ikalowesha majivu na wengi waliokufa waliangukiwa na mapaa. Kwahiyo kagua mapaa, mteremko wake na mbao zake, kuhesabu nyumba peke yake hakutoshi. Angalia pia vikombe vya nguzo za umeme (vile vinavyoshika waya), majivu yaliyolowa yanapitisha umeme na laini inakatika, pampu za maji nazo zinasimama.

mpima_ardhi
Dah, asanteni sana. Bondeni nje ya duara langu kuna shule mbili na sikuzihesabu kabisa. Na hewa ya sumu je?

Bonde85
Hiyo nayo inashuka, kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa. Watu wa Goma, mashariki ya Kongo, wanaiita mazuku, inajikusanya mashimoni, na anayewahi kuathirika ni mtoto au mbuzi kwasababu wako chini. Mashimo yote yaingize kwenye ramani. Ila anza na hizo shule mbili, pima dakika ngapi mtoto wa darasa la kwanza anatumia kufika juu.