Tupeane uzoefu: kufunga kompyuta ya safari kwenye gari la spoti la zamani (wa Tabora na Kigoma mpite hapa)

Mwanzisha uzi, Isevya, Tabora

Mwangaluka wakuu. Kwa mujibu wa dashibodi yangu, Tabora leo saa nane mchana ni digrii 40 chini ya sifuri. Kila nikifungua swichi kengele inalia kunionya kuwa barabarani kuna barafu. Huku nje muuza maembe kavua shati na bado anajipepea na boksi.

Naanza mimi kwa sababu haya nimeyataka mwenyewe. Gari ni BMW E36 ya milango miwili, 318is ya 1996, injini ya M44, silinda nne. Ilizaliwa kwa ajili ya soko la Uingereza, imepita mikono mingi, ikaniangukia. Wenye E36 mnajua: zile zilizonunuliwa kwa bei ya chini katikati ya dashibodi kuna saa tu. Zenye mambo yao zina kompyuta ya vitufe 11, inakuonyesha gari linakulaje mafuta, wastani wa mwendo, kilomita ulizobakiza kabla tenki halijakauka, na joto la nje. Mimi nilikuwa na saa. Nikatamani.

Nimeipata Ilala kwenye spea za mtumba, ikaja kwa basi imefungwa kwenye kanga. Kosa la kwanza nililifanya hapo hapo: muuzaji alichomoa kompyuta peke yake, plagi yake ya nyuma akaiacha kwenye gari lililokatwa. Ukiagiza, mwambie akate na plagi pamoja na waya urefu wa kiganja. Mimi nimesubiri wiki mbili nyingine kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Kuifunga tulitumia Jumamosi nzima na fundi umeme wangu wa Ng'ambo. Umeme wa kudumu, umeme wa swichi, umeme wa taa na hasi ni rahisi, vyote viko pale pale ilipokuwa saa. Kazi ipo kwenye zile tatu nyingine: ishara ya mwendo na ya kiwango cha tenki zinatoka nyuma ya mita za dashibodi, na ishara ya mafuta yanayochomwa inatoka kwenye kontroboksi ya injini, yaani ubongo wake wa umeme. Watu wengi wanadhani kompyuta hii ina kipimo chake cha mafuta. Haina. Kontroboksi inajua kila nozeli inayonyunyizia injini mafuta imefunguka kwa muda gani, inaiambia kompyuta, kompyuta inagawanya kwa umbali. Ukikosea waya mmoja inakupa namba nzuri kabisa ambayo ni ya uongo.

Yangu ilianza kwa kuniambia 33. Nikafurahi, nikawatambia watu kijiweni, kilomita 33 kwa lita! Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Ile kompyuta ni ya gari la Uingereza, inasoma maili kwa galoni, na galoni yao ni lita 4.546. Ukipiga hesabu unapata kilomita 11 na kitu kwa lita. Nimebadilisha isome lita kwa kilomita 100, ingawa bado kichwani naigeuza, maana huku kwetu gari linaulizwa "lita moja linaenda kilomita ngapi", basi.

Na jambo la kuwaonya wenye watoto. Kuna kitufe kimeandikwa CODE. Ni ulinzi wa wizi: ukiweka namba, gari haliwaki mpaka uiingize. Mpwa wangu wa darasa la nne alibaki garini dakika tano nikiwa duka la dawa Kiloleni. Nimerudi, nafungua swichi, kompyuta inataka namba. Dogo anaapa hajagusa kitu. Tulijaribu mwaka wake wa kuzaliwa, namba ya jezi anayoipenda, wapi. King'ora kikaanza, watu wakajaa, mmoja akaniuliza kwa upole kama gari ni langu. Tulichomoa betri, tukakaa, tukairudisha, swichi hatua ya kwanza, kompyuta ikaanza kuhesabu dakika 15 kurudi nyuma. Robo saa nimesimama juani kama mwizi aliyekamatwa. Ilipofika mwisho, ikawaka.

Sasa nyie leteni yenu. Na kama kuna anayejua habari ya hii baridi ya Tabora, anisaidie.

Mdau wa Gungu, Kigoma

Mkuu pole, nimecheka peke yangu kibarazani hadi mama watoto katoka kuangalia.

Mimi nina Toyota Celica ya 1994, injini 3S-GE. Nilifikiri mambo ni mepesi: nikaagiza kile kidude cha bluututhi cha kuchomeka chini ya usukani, ELM327, ukisome kwenye simu. Kimefika, natafuta pa kukichomeka, hapapo. Gari la Japani la miaka ile halina tundu la pini 16. Marekani walilazimisha OBD2, yaani huo mfumo wa tundu la kusomea kompyuta ya gari, kwenye magari ya kuanzia 1996, Ulaya magari ya petroli ni 2001, ila Mjapani kwa soko lake la ndani alikuwa na mambo yake. Ninachokuta ni kile kiboksi cheusi ndani ya boneti. Unaunganisha matundu yake mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, taa ya cheki injini inakonyeza, unahesabu. Mara mbili, kituo, mara mbili: 22, sensa ya joto la maji. Basi, hayo ndiyo mazungumzo yote utakayopata na Celica.

Kwa hiyo kompyuta ilibidi tuitengeneze. Kuna kijana hapa Mwanga anasoma umeme, tukachukua Arduino (kikompyuta kidogo cha kujiandikia programu), kioo kidogo cha mistari miwili, na mpango wa bure wa intaneti wa watu waliokwishafanya. Inataka waya mbili tu: mmoja wa nozeli, mmoja wa sensa ya mwendo. Kontroboksi inaifungua nozeli kwa kuipeleka kwenye hasi, kwa hiyo unakaa upande ule wa kontroboksi na kuhesabu muda ambao umeme umeshuka. Msiingize waya ule moja kwa moja kwenye Arduino! Nozeli ikifunga inarusha umeme wa kwenda juu sana ya volti 12. Arduino ya kwanza ilikufa kabla hatujatoka getini. Ya pili tuliwekea rezista na zena ya volti 5 ya kukata umeme unaozidi, mpaka leo inadunda.

Mwendo: sensa za Toyota nyingi za wakati ule zinatoa mapigo manne kwa mzunguko, mizunguko 637 kwa kilomita, jumla 2,548. Tukaandika hiyo namba. Lakini mimi nimebadilisha ringi, matairi ni mapana na mafupi kuliko ya kiwandani, hivyo nikatafuta ukweli barabarani. Njia ya Kasulu ina mawe ya kilomita. Asubuhi na mapema, kijana ameshika kompyuta mapajani, mimi naendesha 60 bila kubadilisha, tunapita jiwe hadi jiwe, kilomita 20. Kompyuta ilisema 20.7. Tukarekebisha, tukarudi, 20.0. Furaha niliyoipata sijui niwaelezeje, mke wangu aliuliza "kwa hiyo umeenda Kasulu kuhesabu mawe?" Sijamjibu mpaka leo.

Mafuta ndiyo yalitutesa. Lazima ujue nozeli inamwaga kiasi gani kwa dakika, na nozeli za miaka 30 hazimwagi tena kile kilichoandikwa. Dawa: jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, endesha, rudi pampu ile ile, upande ule ule, jaza tena ikate. Linganisha lita za risiti na lita za kompyuta. Mara tatu, siyo mara moja. Ya kwanza ilinidanganya kwa asilimia 12, ya tatu ikabaki 2.

Mdau wa Cheyo, Tabora

Wakuu mnajisumbua bure. Daftari, kalamu, risiti ya mafuta. Baba yangu alikuwa na pikapu akijua kila tone na hakuwa na Arduino.

Mdau wa Gungu, Kigoma

Kaka, daftari linakwambia ya jana. Mimi nikitoka Uvinza kwenda Malagarasi nataka kujua ya sasa hivi, maana pampu hazijapangwa kama maduka ya soda. Nimegundua Celica ikitembea 80 na ikitembea 110 ni magari mawili tofauti. Nisingelijua kwenye risiti.

Dada wa Ujiji

Habari za jioni kaka zangu. Mimi gari langu lina tundu, na kidude cha bluututhi kilikubali vizuri, kwa hiyo sina shida za Celica. Shida yangu ni nyingine. Nilipanda treni kwenda Dar kwa msiba, nikakaa wiki tatu, kidude nimekiacha kimechomekwa. Kurudi gari halina hata taa ya saluni. Pini namba 16 ya lile tundu ina umeme muda wote hata swichi imefungwa. Fundi aliweka mita, kidude peke yake kinakunywa miliampea 50. Ndogo eeh? Kwa siku ni ampea-saa 1.2, kwa siku 21 ni 25, na betri yangu ni ya 45. Jumlisha saa, redio na alamu ya gari. Chomoeni mkishuka. Mimi sasa naking'oa na kukiweka kwenye pochi pamoja na funguo.

Mdau wa Katubuka, Kigoma

Yangu fupi. Subaru Impreza yenye tabo. Nilifunga kioo cha kuonyesha presha ya hewa inayoingia kwenye injini. Swichi imefunguliwa, injini haijawaka, inasoma kilopaskali 92. Fundi akasema sensa imekufa, inatakiwa isome 101, akanitajia bei ya mpya. Nikasema ngoja. Mwezi uliofuata nikaenda nayo Dar, nimesimama kwenye foleni nikazima injini: 101. Kurudi, Tabora: 88. Nimefika nyumbani: 92. Sensa nzima kabisa! Ziwa letu liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, Tabora ni kama 1,200, hewa inapungua jinsi unavyopanda. Kile kioo kinapima mlima. Fundi nilimwonyesha, akasema "hata mimi nilikuwa nakupima." Haya.

Fundi umeme mstaafu, Ipuli, Tabora

Vijana hamjambo. Nimesoma yote. Wewe mwenye baridi, nakujibu.

Sensa ya joto la nje ni kidude kidogo ambacho kikipata baridi ukinzani wake unapanda, kikipata joto unashuka. Waya ukikatika, ukinzani unakuwa hauna mwisho, na kompyuta inaelewa hivi: baridi isiyo na mwisho. Inakuonyesha chini kabisa ya uwezo wake. Nyaya zingegusana ingekuambia joto la kutisha. Kwa hiyo usinunue sensa kwanza. Ingia chini, nyuma ya bampa la mbele, kwenye njia ya hewa ya kupoza breki. Fuata waya kwa vidole, siyo kwa macho. Na hiyo kengele ni ya kawaida, magari hayo yanaonya joto likifika digrii 3 kushuka chini.

Mwingine: naona mnaongelea kuunga waya. Kumenya kwa kisu, kuviringisha na kufunga tepu nyeusi hiyo ni kazi ya siku moja. Joto la injini linalainisha gundi, tepu inabanduka, vumbi linaingia. Chomelea kwa risasi, vika mpira ule wa kusinyaa kwa moto. Kompyuta hizi zinasoma ishara ndogo sana, waya ukilegea namba zinaanza kuruka na mtu anabadilisha kompyuta nzima.

Mwanzisha uzi, Isevya, Tabora

Shikamoo mzee wangu. Nimelala chini ya gari leo baada ya swala ya adhuhuri, nikafuata kwa vidole kama ulivyosema. Sensa ipo, nzima, imekaa mahali pake. Waya umetafunwa, meno yanaonekana kabisa, na ndani ya njia ya hewa kuna kiota: manyasi, kipande cha mfuko wa mbolea na pamba ya kiti changu cha nyuma ambayo nilikuwa nalaumu mafundi wa viti. Panya wa Isevya kahamia Ujerumani.

Nimechomelea, nimevika mpira. Nimefungua swichi, kengele kimya. Ikakaa dakika moja inafikiri, halafu 31.

Mdau wa Cheyo, Tabora

Mkuu, hiyo kompyuta ulisema umeipata kwa nani pale Ilala? Nauliza tu.